Profesa wa Gundi na Familia Hamsini

Mjalidi vitabu wa mtaa wa chuo aliitwa Profesa, na jina hilo lilimkaa kuliko shati lake. Shule aliishia la saba, lakini alikuwa amejalidi tasnifu mia nne, na kwake yeye kukipaka kitabu gundi na kukisoma ni kitu kimoja.

Siku moja mpwa wake, binti wa dada yake, akamletea tasnifu ya uzamivu, nakala tano. Alishaitetea, wakubwa walishamkubalia; kilichobaki ni jalada, na mwisho wa kukabidhi ni saa kumi jioni ile, la sivyo angoje mwaka mzima. Miaka minne binti alichunguza fomula za namba, zeta na ndugu zake waitwao L, ajue sifuri zao, yaani pale fomula inapotoa jibu sifuri, zinaangukia wapi. Inasemekana zote zimepanga foleni kwenye mstari mmoja; yeye kathibitisha kuwa zinazotoroka foleni, kama zipo, ni chache kuliko ilivyodhaniwa. Profesa alicheka mpaka akashika meza. Miaka minne kutafuta sifuri! Yeye enzi zake aliipata asubuhi moja, tena bila kufungua daftari.

Mpwa alipotoka kwenda kula, Profesa akawasha mashine ya herufi za dhahabu. Kichwa kilisema: Sifuri za Familia za L. Akaguna. L ni hamsini ya Kirumi, nani asiyejua? Kwa huruma zake akamsahihishia mtoto wa watu, nakala zote tano: SIFURI ZA FAMILIA 50.

Binti aliporudi alisoma, akakaa taratibu. Saa tisa ilishapita.

"Mjomba, hizi familia hamsini zinakaa mtaa gani?"

Profesa akaanza kumfundisha Kirumi. Binti akamngoja amalize.

"L ni jina tu, mjomba. Halina maana yoyote. Kama wewe unavyoitwa Profesa."

Profesa, aliyezoea kujigamba kwamba hajawahi kufuta herufi, akashika pamba na spiriti, akasugua dhahabu mpaka kucha zikang'aa, akapiga ZA L pale pale, jasho likimtiririka. Alama za mwanzo zikabaki zimedidimia kwenye jalada.

Binti alifika ofisini zimebaki dakika nne. Karani hakusoma hata neno. Alitoa rula, akapima pambizo, akagonga muhuri.

Nakala moja iko maktaba. Ukipitisha kidole juu ya ile L utazihisi familia hamsini zimelala chini yake. Naye Profesa siku hizi huwaambia wateja kwamba katika utafiti ule, yeye alishughulikia upande wa familia.