Mwalimu aliniachia wasifu wake, na jina moja nimekatazwa kulisoma

Admin, nifichie jina, Korogwe hapa tunajuana mpaka kuku. Mimi ni dada wa miaka 29, mzaliwa wa Handeni.

Kuandika nilifundishwa na mwalimu wangu wa Kiswahili sekondari. Insha yangu ya kwanza aliirudisha akasema, "Umeandika mvua kubwa ilinyesha. Sawa, nani alilowa?" Alinirudisha tena na tena mpaka nikamchukia. Leo watu wakiwa na harusi au msiba, risala na wasifu wananiletea mimi. Na mkewe, ninayemwita mama, ndiye aliyenilisha zile likizo ambazo kwetu hakukuwa na kitu.

Mwezi uliopita Mwalimu, akiwa hoi kitandani, aliniita. Tulikuwa wawili tu. "Wasifu wangu utaandika wewe na utasoma wewe. Zawadi wa Masuguru ni binti yangu. Msome pamoja na wenzake. Mimi nilishindwa kumtaja." (Zawadi si jina lake halisi.) Nikaahidi, mjinga mimi, hata sikufikiri.

Juzi amefariki. Kesho tunamzika kwao Kwashemshi. Nilipomweleza mama hakushangaa, kumbe alijua miaka yote. Alinishika mikono akalia, "Mwanangu, aibu hii nimeimeza nikanyamaza. Usiniseme mbele ya kanisa zima. Utatuzika wawili." Mwanawe mkubwa yeye hakulia. Amesema nikimtaja huyo mtu ataninyang'anya maiki na mazishi yatageuka ngumi. Na nani ataniamini? Shahidi wangu ndiye huyo aliye kwenye jeneza.

Nimefikiria kusema naumwa, asome mwingine. Lakini hakuna mwingine atakayemtaja Zawadi, kwa hiyo ni yaleyale tu. Nimechoka, jamani. Hata kumlilia Mwalimu wangu sijapata nafasi.

Zawadi naye, Mwalimu alishamwambia kwamba siku ya mazishi nitamsoma kama mtoto wake. Asubuhi hii amenipigia simu. Hakulalamika wala hakuomba chochote. Ameniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, nasikia watoto wa marehemu wamegawiwa vitenge vya sare. Mimi sijaletewa. Kesho nivae nini?"

Nimekata simu bila kumjibu. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nisaidieni mawazo kabla hakujakucha: nimwambie nini?