Springi Laini Njia ya Modogashe

Mwaka sitini na tano, wakati ambapo pale Mombasa hata muuza kashata alikuwa akisimulia habari za mashifta, wale waasi wa kaskazini, kana kwamba alikunywa nao chai, nilipata barua kutoka Garissa. Aliyeniandikia ni Salimu, rafiki yangu tangu chuoni, aliyekuwa mhudumu wa afya huko. Alikwenda moja kwa moja kwenye shida yake. Landrova yao ya wagonjwa ilikuwa ngumu kama kinu, mgonjwa hufika hospitali akiwa hoi kuliko alivyotoka kwao. Na huko Modogashe kulikuwa na mama kijana, Halima, aliyeteleza kisimani akavunjika paja. Daktari wa mifupa angekuwa Garissa mpaka Ijumaa ya juma lililofuata tu. Asipofikishwa kabla ya hapo, mguu ungeunga kombo na angechechemea maisha yake yote. Akifikishwa kwa gari lile, kwa mitikisiko ile, mfupa ungeweza kutoboa nyama njiani. "Wewe si husema hakuna gari linalokushinda?" Salimu alimalizia. "Njoo tuone."

Mimi ni fundi wa springi, na fundi wa springi akichokozwa hakai. Mke wangu aliniambia nina wazimu, watu wanakimbia kutoka huko nami nakwenda. Nikamwambia ni safari ya siku chache. Moyo ulikuwa ukinidunda kwa furaha, nami sikuwa hata nimeliona gari lenyewe.

Jumamosi nilipanda lori la mizigo kupitia Malindi na Garsen, jeki na spana zangu zikiwa ndani ya gunia. Kila kizuizi cha polisi tulishushwa, gunia likamwagwa, nikaulizwa spana zote hizi za nini. Kufika Hola nilikuwa nimeshaeleza kazi ya springi mara sita, na nadhani askari mmoja aliielewa.

Jumapili jioni nikaingia Garissa. Joto la mji ule halisimuliki. Lakini chai ya maziwa ya ngamia niliyopewa nyumbani kwa Salimu, yenye iliki na moshi kidogo, ilinirudishia roho. Mji ulikuwa na amri ya kutotoka nje jua likizama, basi tulikaa uani tukazungumzia gari mpaka Salimu akachoka, mimi bado.

Jumatatu asubuhi nikaingia chini ya Landrova. Springi za nyuma zilikuwa za vyuma bapa vilivyolaliana, kifupi chini ya kingine kirefu, tisa kila upande. Nikacheka. Gari la kubeba mgonjwa mmoja lilikuwa na springi za kubeba mawe. Nikafungua, nikatoa vyuma viwili kila upande, nikafunga tena. Kisha nikaweka glasi ya chai sakafuni nyuma, nikauzunguka uwanja wa hospitali pamoja na mashimo yake. Haikumwagika hata tone. Wauguzi walipiga makofi, na mimi, Mungu anisamehe, niliinama kama bwana harusi. Vile vyuma vinne nilivitupia nyuma ya kiti, kwa kuwa fundi hatupi chuma kizuri.

Jumanne alfajiri tukaondoka na msafara. Wakati ule hakuna gari lililoruhusiwa kwenda kaskazini peke yake: mbele lori la polisi, nyuma lori la polisi, katikati sisi wengine. Msafara ungelala Modogashe na kurudi Garissa Jumatano, na kabla ya Ijumaa ya daktari hakukuwa na mwingine. Mimi nilishika usukani, Salimu kando yangu, na nyuma magunia ya unga, masanduku ya dawa na pipa la maji.

Maili kumi za kwanza niliimba. Barabara ilikuwa mikunjo mitupu, nasi tulipita juu yake kama tumekalia mto. Swalatwiga walisimama kwa miguu miwili kuchuma majani vichakani, na nilitaka kumwonyesha Salimu kila mmoja.

Kisha lori la mbele likaongeza mwendo, nami nikaongeza. Hapo ndipo gari lilipoanza kuyumba. Kona ndogo tu, mwili wa gari unalala upande mmoja na kukawia kurudi. Kila shimo, ekseli inagonga chini, gba! Nikapunguza mwendo. Msafara ukasimama kutungoja. Tukasimamisha watu mara ya pili. Kwenye laga moja, yaani mto mkavu wenye mchanga mwingi, nilikata usukani kufuata alama za lori, gari likainama hadi magurudumu ya kushoto yakawa hewani. Salimu alikuwa anamaliza shahada wakati liliporudi chini.

Saa tisa alasiri tukafika Modogashe. Sajini wa msafara, mtu wa Machakos asiyependa maneno mengi, alinijia kabla sijazima injini. "Fundi, gari lako linacheza ngoma. Leo nimesimamisha watu wangu mara mbili mahali pasiposimamwa. Kesho sisimami." Alikuwa amesema kweli.

Halima tulimkuta amelala ndani ya nyumba ya mama yake, mguu umefungwa gango kwa vijiti, mtoto wa miezi minne ubavuni. Alikuwa ameuma ncha ya shuka. Mama yake, Mama Dekha, alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kucheka haraka. Kiswahili alikipata kwa kuuza maziwa Garissa. Vita vilikuwa vimemwachia ngamia mmoja.

Mara nikaingia chini ya gari, nimelala chali, nimechanganyikiwa. Nikivirudisha vyuma vyote, tutakwenda sambamba na msafara lakini Halima atapigwapigwa. Nikiviacha nje, atalala kama kwenye pamba mpaka tupinduke naye. Mama Dekha akachuchumaa, akachungulia.

"Walaal, ndugu yangu, nini wewe natafuta chini ya gari?"

"Natafuta ulaini, mama. Kwa ajili ya Halima."

Akanivuta mkono nikatoka. Akanionyesha ngamia wake. "Hii mgongo yake naona? Ni mfuba tu. Juu yake mimi nabeba maziwa, nabeba mtoto, nabeba mzee mgonjwa. Hakuna kitu namwagika. Kwa nini?"

Nikasema sijui.

"Wewe nataka ngamia laini. Ngamia laini ni ngamia mgonjwa, naanguka na wewe. Ngamia wacha iko gumu. Laini tia hapa, katikati." Akaweka kiganja kimoja juu ya kingine, kisha akapenyeza ukingo wa shuka baina yavyo. "Na funga sana. Mzigo ikilegea, inabiga."

Nilisimama nikimtazama yule ngamia kama ndiye mwalimu wangu wa kwanza. Miaka kumi na minne kwenye springi, na kila mteja akilalamika mimi nilikimbilia chini ya gari. Sikupata kufikiri kwamba mtu anayelalamika amekaa juu.

Tukaanza kazi, na sikumbuki kazi iliyonifurahisha kuliko ile. Kila upande nilirudisha chuma kimoja, kimoja nikakiacha nje. Nikatia mchanga ndani ya magunia tuliyokwisha kuyamwaga unga, nikayapanga sakafuni, maana springi ngumu isiyo na mzigo hurusha kama punda. Mama Dekha na wanawake wawili walileta fito ndefu zilizopindwa na mikeka minene ya kusokotwa, ile wanayoiita herio, wanayomtandika ngamia kabla ya kumpakia. Wakazifunga fito kwa kamba za ngozi kutoka ubavu hadi ubavu wa gari, wakatandika mikeka juu, kitanda kikaning'inia. Nikawaomba wakisogeze mbele kidogo, kisikae juu ya ekseli, maana hapo ndipo pigo linapoanzia. Mama Dekha akakubali, kisha akakaza kila fundo nililolifunga mimi.

"Bole bole," akaniambia nilipoharakisha. Jua lilipozama tulikuwa tumekwisha, na usiku ule Halima akalazwa kwa jirani.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, tukampandisha Halima na mtoto wake, Salimu akakaa nao. Mama Dekha alibaki na ngamia wake. Sajini alinitazama, akatazama saa, akapanda lori lake.

Tulikwenda. Gari lilikuwa gumu mikononi mwangu, na nikaupenda ugumu ule, kwa maana kwenye kona nililiambia nenda, likaenda. Mikunjo iligonga sakafu, ikaingia mchangani, ikapotelea mikekani. Kila baada ya maili chache nilipiga kelele, "Salimu, vipi?" naye alijibu, "Endesha!"

Kwenye ile laga sikupunguza. Lori la mbele lilizama kidogo, likatoka, nami nikaingia nyuma yake. Katikati ya mchanga nikasikia nyuma mlio mkali, ta! Nilijua ni mfupa. Sikuweza kusimama, nyuma yangu kulikuwa na lori, nikakanyaga mafuta mpaka tukapanda ukingo wa pili.

"Halima!" niliita.

Kisha sauti yake, nyembamba, yenye kicheko ndani yake: "Fito ndiyo nafunjika, fundi. Mguu iko."

Nililia nikiendesha. Sioni haya kulisema.

Saa nane mchana tulikuwa Garissa, na daktari alimpokea jioni ileile. Sajini alikuja kuchungulia kitanda, akasukuma mkeka kwa kidole, akasema "Haya," akaenda zake. Kwa mtu yule hiyo ilikuwa hotuba.

Ijumaa nilikwenda kumuaga Halima. Mguu ulikuwa umenyooshwa na kufungwa plasta, mtoto ananyonya. Nilikuwa na nafasi kwenye lori la Mombasa kesho yake. Akanishika mkono wa kanzu.

"Fundi, ile mikeka usitupe. Na fito. Hiyo ni nyumba ya mama."

Sikuelewa. Salimu ndiye aliyenifafanulia: kwa watu wale fito zinazobebwa na ngamia ndizo mbavu za nyumba, na mikeka ndiyo kuta. Tulipompandisha Halima garini, nyuma yetu mama yake hakuwa na pa kuingia. Nami sikugeuza hata shingo, nilikuwa nikitazama springi zangu.

Lori la Mombasa likaondoka bila mimi.

Jumanne iliyofuata nikaenda tena Modogashe na msafara. Mama Dekha alikuwa amekaa chini ya turubai la jirani, akanikaribisha kama mwenye jumba. Nikamteremshia mikeka yote, na fito zote isipokuwa ile iliyovunjika. Hiyo nilikuwa nimeitia gango. Nilichukua kimoja cha vile vyuma viwili vilivyobaki, kimepindika vilevile kama fito yake, nikakifunga mahali palipovunjika kwa kamba ya ngozi. Na mafundo niliyakaza kama alivyonifunza.

Nyumba ilisimama kabla ya jua kuzama. Mama Dekha alikwenda moja kwa moja kwenye ile fito, akaikandamiza kwa viganja viwili, kwa uzito wake wote.

"Hii laini?" akauliza.

"Ngumu, mama."

"Basi iko sawa."

Nimerudi Mombasa, na chuma cha nne kimetundikwa ukutani kwangu. Mteja akija kutaka springi laini, siku hizi namuuliza kwanza anambeba nani na amemkalisha wapi, na wengi wao nimewauzia godoro badala ya springi.

Juzi Salimu ameniandikia. Halima anatembea, anateka maji mwenyewe. Nyumba imehamishwa mara mbili kufuata malisho, na kila mara chuma kinapakiwa juu ya ngamia pamoja na fito nyingine. Mama Dekha ananisalimu. Anasema fundi wa Mombasa kutengeneza gari bado hajui sana, lakini nyumba amejua.