Kamwene Kwenye Theluji

Baba alipohamia kwangu, mtaa wa Ramadhani mjini Njombe, alikuja na begi moja na hakulipakua. Aliliweka nyuma ya mlango wa chumba chake, akitoa shati na kurudisha shati, zipu inafungwa kila mara. Mama alikuwa amefariki, macho ya baba yamepungua nguvu, na leseni aliyoendeshea malori maisha yake yote haikuongezwa muda. Daktari alisema asikae peke yake. Baba alisema nyumba yake iko Makambako, anasikia malori yakipita, hahitaji kingine. Kila Jumapili tukitoka kanisani aliniambia, "Mgeni siku mbili, mwanangu," na methali hakuimalizia. Nilimjibu kwa ukali kwamba yeye si mgeni. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilijua siku moja nitatoka kazini nikute begi halipo.

Muvi ile aliileta binti yangu, wa miaka kumi na minne, kwenye flashi, Jumapili moja mchana mvua inanyesha. Ilikuwa imetafsiriwa. Mtafsiri anawasemea wote, wanaume kwa wanawake, kwa sauti yake moja nzito, na kila baada ya muda anakumbusha kwamba duka lake liko Makambako, karibu na stendi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mtu wa kalamu nyekundu. Niliketi na madaftari ya kidato cha pili, nikiwa nimeapa kutoangalia.

Hadithi yenyewe ni ya msichana wa miaka kumi na sita. Baba yake katekwa na majambazi, polisi wote wamehongwa, basi anakwenda kumwokoa mwenyewe. Tulipofika dakika ya kumi theluji ilikuwa imemfika magotini, naye kavaa kiblauzi cha mikono mifupi.

"Hana sweta," nilisema.

"Mama, jamani."

"Ile ni theluji. Hapa mwezi wa saba tunavaa masweta mawili na bado tunatetemeka. Yule hata makamasi hayamtoki."

Mtu wa pwani anaweza kusamehe kosa kama hilo. Mtu wa Njombe hawezi. Nilikuwa bado nanung'unika msichana alipopiga teke mlango wa ghala la majambazi. Wote wakageuka, bunduki mikononi. Msichana akawatazama mmoja mmoja, na mtafsiri akamsemea: "Kamwene, wazee."

Kamwene ni salamu yetu ya Kibena, ile unayowapa wakubwa ukikutana nao njiani. Baba, aliyekuwa akisinzia kando ya jiko la mkaa, alifumbua macho.

"Kasemaje huyo?"

Binti yangu akarudisha nyuma. Kamwene, wazee. Baba alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike mama, na nilifurahi hadi nikasahau daftari la nani nilikuwa nalo.

Akavuta kiti mbele. Hapo ndipo tulipopata mkosoaji wa pili. Majambazi walikata bomba la upepo wa breki, na lori la magogo likaanza kuteremka mlima likienda kasi, msichana kwenye usukani.

"Waongo," alisema baba. "Upepo ukiisha, gari linajifunga breki lenyewe. Halikimbii. Linagoma kama punda."

"Babu, tulia basi."

"Na magogo yale kayafunga nani? Fundi wa kufunga magogo kule Matembwe akiiona ile kamba atalia."

Lakini nilimwona. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu, unatafuta breki. "Shusha gia, mwanangu," alimwambia msichana wa kwenye runinga, kwa upole ambao mimi sikuwahi kuupata aliponifundisha gari. "Shusha gia." Mimi nami nilikuwa nimesimama, madaftari yote chini.

Nisiseme uongo, muvi ile ilikuwa mbovu. Msichana alianguka mtoni na nywele zake hazikutimka. Simu yake haikuisha chaji siku nne. Ni mwanafunzi, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyeuliza yuko wapi. Ingekuwa insha ningempa saba kwa ishirini. Hata hivyo nilitaka apone, nilitaka kwa moyo wangu wote, na ilipokatika akiwa ananing'inia kwenye helikopta tulibaki tunatazamana. Sehemu ya pili hatukuwa nayo.

Kesho yake nilirudi kutoka shuleni nikakuta begi halipo.

Jirani alikuwa amemwona akielekea stendi. Simu yake haikupatikana. Nilikaa kitandani kwake nikamkasirikia kila mtu: daktari, binti yangu, na zaidi yule mtafsiri na Makambako yake aliyoitangaza muvi nzima.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama alipoingia, begi kalikumbatia kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nilifuata sehemu ya pili. Simu iliisha chaji. Mimi si yule binti wa muvi."

Akalifungua begi pale pale sebuleni. Mlitoka koti lake zito la safari, redio, mablanketi mawili na picha ya mama kwenye fremu. Ufunguo wa nyumba, alisema, kamwachia jirani wa Makambako.

"Na ya tatu, babu?" binti yangu aliuliza.

"Haijatoka. Yule bwana anasema labda mwakani." Alitundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango, akalinyoosha mabega. "Tutaisubiri."

Niliichukua redio nikaiweka mezani. Nikasema, "Mgeni siku mbili, baba."

Alichungulia dirishani, kwenye kile kipande cha ardhi nyuma ya jiko ambacho sijawahi kupata muda wa kukilima.

"Pale panafaa viazi," alisema. "Jembe liko wapi?"