Nyumba hii haiuzwi

Leo nimeitwa mwizi mbele ya nyumba yangu mwenyewe!

Ile niliyonunua mtaa wa Buyenzi, karibu na mjini, baada ya barabara kutengenezwa. Ukutani bado kuna maandishi makubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Asubuhi nikaja na rangi nyeupe niyafute.

Kabla sijaanza, jirani yangu Mama Zaituni akatoka mbio na ufagio.

"Mwizi! Unataka kuiuza nyumba ya watu?"

"Apana, mama! Niliinunua mi."

Akashusha ufagio, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mashallah, karibu kartie, mtaani kwetu! Lakini usifute. Mwenye aliandika aliogopa ndugu zake wasiiuze akisafiri. We una ndugu?"

"Ninao wengi."

Jamani, sasa hivi nakoleza herufi kwa rangi nyeusi.

Ngazi ameshika Mama Zaituni.

Nyie mngefuta?