Mkono Mmoja Haujifungui

Cheka kwanza, ukimaliza nisikilize. Ningesimuliwa haya na mtu mwingine, hata mimi ningemuuliza amekunywa nini. Lakini mimi sinywi, naimba kwaya, na siku ile sikuwa na homa wala njaa. Yaliyonikuta kwenye majaruba ya mpunga nyuma ya Kisesa yalinikuta nikiwa na akili zangu, jua halijazama bado, na ushahidi wake niliushika kwa mkono huu.

Mimi ni msusi, nina kibanda changu Ilemela. Mama yangu anaishi peke yake kijijini, ng'ambo ya majaruba hayo, tangu baba afariki. Nimembembeleza ahamie mjini, hataki. Majirani nao wamemsema weee, kwamba bibi kizee gani huyo anakaa peke yake. Jibu lao alilimalizia kwenye jina la mbwa: akamwita Mtachoka. Ukimsikia jioni anaita "Mtachoka! Mtachoka!" ujue anaongea na kitongoji kizima. Ila usimcheke. Mbwa yule ndiye analala mlangoni kwake, ndiye anabwekea fisi na wezi, na ndiye mama anamsimulia siku yake ilivyokwenda. Akimpoteza, anabaki anaongea na kuta.

Msimu wa mavuno uliopita ilitangazwa chanjo ya kichaa cha mbwa pale Kisesa. Mama miguu inamsumbua, nikaja kumpeleka mbwa mimi.

"Umrudishe mzima," mama aliniambia akinikabidhi kamba.

Sasa mbwa wetu wa kijijini unawajua. Hawajui kamba. Wanazaliwa huru, wanazeeka huru, wanafungwa siku ya chanjo tu. Mtachoka alivuta, akajiangusha chini, akanitia aibu mbele ya daktari wa mifugo na foleni yote. Kwa hiyo wakati wa kurudi nikafanya wanachofanya wengi wa kwetu siku hiyo: nikaizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono, mara moja, mara ya pili, halafu nikapiga fundo. Nikajiona mjanja kweli.

Mvua ikanyesha, ikakata. Barabara ilikuwa tope tupu, nikaona nikatize majarubani. Mpunga ulishavunwa, na kwetu mpunga ukishavunwa ng'ombe wanaachiwa mabua. Walikuwepo wengi, wanakula taratibu. Mchungaji sikumwona, nadhani mvua ilimkimbizia kwenye mawe. Wala sikuogopa. Nimekulia kwenye ng'ombe mimi, mahari yangu yenyewe ilikuja ikitembea kwa kwato. Nikajisemea, hawa wamezoea watu. Na ni kweli wamezoea watu. Lakini nilikuwa na mbwa mgeni, na mbwa mgeni mbele ya ng'ombe aliyezaa hana tofauti na fisi.

Nilikuwa juu ya tuta, katikati kabisa, nilipomwona ndama. Mchanga, amejikunja kwenye nyasi, manyoya bado yameshikana. Nikageuka. Mama yake alikuwa upande wa pili, na mimi na Mtachoka tulikuwa kati yao. Hivi kuna mahali pabaya pa kusimama kuliko hapo? Ng'ombe akashusha kichwa, akapumua kwa nguvu, akaparua tope kwa kwato. Wengine nao wakainua vichwa, wakaanza kuja.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilimvuta mbwa miguuni kwangu nimkinge. Mtachoka akabweka, na kila alipobweka wale waliongeza mwendo. Nikainama nimbebe. Nikasikia ardhi inatetemeka chini ya nyayo zangu, nikamwita Mungu kwa sauti.

"Mwachie," mtu akasema.

Alikuwa ubavuni kwangu, kwenye tuta lile lile. Msichana, hata thelathini sidhani kama alifika, kanga kiunoni, miguu peku. Mimi mvua ilikuwa imenilowesha chapachapa, yeye alikuwa mkavu. Hilo nililiona, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye pembe.

"Watamuua!" nikasema.

"Wanamtaka yeye, na yeye ana miguu minne. Ukimshikilia watawaua wote wawili. Mwachie, mwanangu."

Mwanangu! Binti yule, na mimi nina watoto sekondari. Lakini sauti yake haikuwa na utani. Fundo lilikuwa limekazwa na maji, na hapo nikaishukuru kazi yangu, maana vidole hivi vinafumua nywele kutwa. Nikalichokonoa kwa kucha, likalegea, kamba ikatoka mkononi. Mtachoka akachomoka, kamba inaburuzika nyuma yake, na wale wengine wote wakageuka kumfuata. Walipita karibu yangu mpaka nikasikia joto lao.

"Sasa twende," akasema. "Usikimbie. Ndama mzungukie kwa mbali. Usiwape mgongo."

Tukaenda upande upande, polepole. Yule ng'ombe mwenye ndama alibaki anatukodolea macho. Msichana akawa anamsemesha kwa Kisukuma, sauti ya chini, akimwita kwa rangi yake kama wachungaji wanavyofanya. Tulipofika kwenye ua wa minyaa nikakaa chini nalia. Nililia kwa ajili ya mbwa, nikalia kwa ajili ya mama.

Yeye akaninyooshea mkono. Nilidhani ananiinua. Kumbe kwenye kifundo chake ilikuwa imezungushwa kamba, imezama kwenye nyama, na ncha yake inaning'inia bila kitu.

"Na mimi nifungue," akasema. "Mkono mmoja haujifungui."

Nikaushika. Niamini, ulikuwa wa baridi kama maji ya mtungini. Ilikuwa kamba ya katani iliyosukwa kwa nyuzi tatu, na wa tatu ulikuwa kipande cha kanga nyekundu. Msusi haachi kuona kitu kama hicho. Nimefumua vichwa vigumu maishani mwangu, lakini fundo lile lilinitoa jasho. Lilipoachia, akausugua mkono wake, akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyetua mzigo. Kisha akapiga mluzi, ule wa kuita mbwa. Kule majarubani mbwa akaitika. Nikageuka haraka nikidhani ni Mtachoka. Sikuona mbwa. Nilipomgeukia, yeye pia hakuwepo, na kwenye tope la njia tuliyopita kulikuwa na nyayo zangu tu.

Sijui nilifikaje nyumbani. Nilimkuta Mtachoka mlangoni, ametapakaa tope, anakula ugali, na kamba yake bado shingoni. Kumbe alishafika zamani! Nilimkumbatia na tope lake.

"Na hiyo uliyoshika?" mama akauliza.

Nikafungua kiganja. Mama akaitazama ile kamba, akakaa chini.

"Hii kanga niliichana mimi," akasema. "Kanga yangu ya harusi. Kamba tulisuka mimi na wifi yangu."

Wifi yake, yaani shangazi yangu, mdogo wake baba. Alikufa kabla sijazaliwa. Nilijua tu kwamba aliuawa na ng'ombe. Jioni ile ndipo mama akanisimulia yote: shangazi alikatiza majaruba na mbwa wake, kamba kaifunga mkononi. Mbwa alirudi mzima. Kamba haikuonekana, ilibaki alama yake tu kwenye mkono wa marehemu.

"Kila mvua ikinyesha nilikuwa nawaza," mama akasema, "kwa nini tuliisuka imara namna ile." Kisha akauliza, "Alikuwaje?"

"Alicheka, mama. Alipiga mluzi, na mbwa akamwitika."

Mama alilia muda mrefu. Alipomaliza akafuta uso, akaniambia nirudie pale kwenye kicheko. Nikarudia, na mara hii akacheka na yeye.

Asubuhi tuliizika kamba ile kaburini kwa shangazi. "Tembea sasa, wifi," mama akasema, basi. Tangu siku hiyo analala usingizi hata mvua ikinyesha, na mjini bado hataki kuja. Mimi kiganja changu hupata baridi mvua ikikaribia. Nawaambia wateja wakaanue nguo, wananicheka, halafu wanaloa. Na Mtachoka akifika kwenye ule ua wa minyaa anasimama, anatikisia mkia hewa tupu. Na mimi nasimama. "Shikamoo shangazi," nasema, kisha tunazunguka kwa nje.

Basi ukiwa na mbwa, ukaona ng'ombe wenye ndama, zunguka, hata kama giza linakuja na nyumba unaiona pale. Wakikujia, mwachie mbwa, yeye atafika kabla yako. Na kamba usijifunge kamwe. Ishike kiganjani, kama unavyoshika mkono wa mtu mnayeagana naye.