Mteja wa Nyuzi Kumi na Mbili

Mteja wangu wa Jumamosi hana haraka na mtu. Anaingia dukani akiburuta viatu, anakaa ukingoni kabisa mwa benchi kama anayemwachia mtu nafasi, kisha ananyoosha mkono nimpe lile gitaa dogo la nyuzi kumi na mbili. Makubwa hayagusi, bega lake la kulia halipandi tena. Wiki ya tano sasa anakaza nyuzi zake, analijaribu, anapumua kwa nguvu, ananirudishia. Juzi nikachoka. "Mzee wangu, si uchukue la nyuzi sita? Hizi za mbili mbili utajitesa bure na vidole hivyo." Akatikisa kichwa. "Nimepiga na kaka yangu miaka thelathini. Hili nikilipiga peke yangu, linalia kama tuko wawili." Nikalichukua nimrekebishie, maana katika kila jozi aliyoikaza, uzi mmoja ulibaki umelegea kidogo. Akanishika mkono. "Uache hivyo hivyo," akasema taratibu, macho yamemlegea. "Marehemu hakuwahi kwenda sawa na mimi hata siku moja."