Kisigino Mara Mbili

Mama yangu huongea kwa sauti kubwa. Akiomba chumvi mezani, majirani hujua kwamba mchuzi wetu haujakolea. Sauti hiyo aliichuma kwenye vyelezo vya kutengenezea meli kisiwani Yeongdo, alikogonga kutu ya meli tangu nikibebwa mgongoni mpaka nilipoolewa.

Meli ilipopandishwa chelezoni, ubao uliteremshwa kwa kamba ubavuni mwake. Wanawake wawili waliketi juu ya ubao huo bega kwa bega, miguu ikining'inia, wakagonga kwa nyundo ndogo mpaka kutu na kome vidondoke na chuma kionekane. Kang, kang, kang, mtaa mzima. Sisi watoto tulilala usingizi katika mlio huo, na siku ya mapumziko ukimya ndio uliotuamsha.

Ubao ulitaka watu wawili. Akikaa mmoja, huinama upande. Asiye na mwenzi hakuwa na kazi.

Mama alitoka Goseong akiwa na mimi mgongoni na mume mgonjwa wa mapafu. Asubuhi ya kwanza, nyapara Pyo alimwonyesha mwanamke mpana wa mabega aliyekuwa hana mwenzi. Waliomzunguka walimwita Namhae, kisiwa alikozaliwa, kwani pale kila mtu aliitwa kwa alikotoka. Mama akainama kwa adabu yote ya shamba, akasema, "Mama, naomba unipokee."

Nyundo zikanyamaza. Chelezoni, anayeitwa mama ni muuza samaki usiyemjua, unayebishana naye bei. Wanaokalia ubao mmoja ni dada, hata kama mmoja ana umri wa kumzaa mwenzake.

"Kumbe una binti, Dada Namhae!" akadakia mwanamke wa Hadong, mwenye ulimi mrefu kuliko wote. "Ulimzaa lini, mbona hata supu ya uzazi hatukuinywa?"

Wakaangua kicheko. Namhae alikuwa amewapa mgongo, akifunga kitambaa kichwani. Hakugeuka. Akapanda ubaoni na kuanza kugonga.

"Amekasirika huyo," Hadong akamnong'oneza mama. "Pole yako."

Nyapara naye akamalizia: "Jumamosi nitamuuliza Namhae. Akikukataa, urudi kwenu ukalime viazi."

Mama akajitahidi. Kila asubuhi alimwamkia, asijibiwe. Alimsogezea kimchi, kabichi ya pilipili iliyochachuka, aliyoileta kutoka nyumbani; Namhae alikula, akatikisa kichwa, akatazama bahari. Mama akaona basi, labda bidii itasema. Akagonga mbiombio mpaka ubao ukayumba. Namhae akamshika mkono, akaushusha. Akagonga yeye mara moja, akangoja. Mama akagonga mara moja. Zamu kwa zamu, ubao ukatulia. Lakini mama aliona ni karipio, na jioni akamwambia baba, "Yule mwanamke hanitaki."

Ilikuwa Jumamosi mchana. Watu wa sitahani walipotaka kushusha ubao walipiga kelele kwanza ili wanawake washike kamba. "Tunashushaaa! Shikeni!" Mama akashika. Namhae akaendelea kugonga, mikono yote ikiwa kazini. Ubao ukaporomoka ghafla. Mama akamkamata kwa mshipi wa aproni, akamvuta kifuani kwake. Nyundo ya Namhae ikaanguka chini, ikalia juu ya saruji.

Waliposhusha pumzi, mama akauliza, "Hukusikia?"

Namhae alikuwa akitazama midomo yake. Ndipo mama akaelewa. Akasogeza kinywa karibu na sikio lake, akarudia.

"La kulia limekufa," Namhae akasema. "La kushoto linalifuata. Usimwambie nyapara. Kiziwi hapandi ubao."

"Kwa hiyo hukunichukia?"

"Nikuchukie kwa lipi?"

"Siku ile nilikuita mama."

"Uliniita nani?"

"Mama!"

Namhae akakodoa macho. "Mimi? Mama? Na meno yangu yote haya!" Akavua kitambaa akamchapa nacho mabegani, akacheka mpaka ubao ukabembea.

"Kuna nini huko?" Hadong akauliza kutoka ubao wa jirani.

"Mshamba huyu kaniita mama!"

"Ee! Si la Jumatatu hilo? Leo ndiyo linakufikia?"

Namhae hakulipata swali, akabaki akitabasamu. Mama akajibu haraka, "Alikuwa analitafuna, dada. Lilikuwa gumu."

Hapo hapo, kabla ya kuletewa nyundo nyingine, wakapatana. Kisigino kikigonga ubao mara moja, shika kamba. Mara mbili, nyapara anakuja.

Jioni nyapara Pyo akaja na kusimama chini yao. Mama akagonga mara mbili. Nyapara akauliza, "Haya, Namhae, huyu wa Goseong vipi?" Namhae hakulisikia swali, lakini alilijua.

"Huyu ni wangu," akasema.

Walikalia ubao mmoja miaka yote iliyobaki. Nadhani Hadong na wenzake walikuja kujua, kwani walizoea kumgusa Namhae bega kabla ya kumsemesha. Hakuna aliyelitaja. Msimu wa kutengeneza kimchi, nyumba yetu ya chumba kimoja ilijaa wanawake wenye pilipili hadi viwikoni, wakipiga mayowe kana kwamba chelezo kimehamia jikoni. Siku hizi kutu hutolewa kwa mashine inayopuliza mchanga. Mimi hulala vibaya.

Jana niliwakuta mama na Namhae kwenye benchi la duka la pembeni, sasa viziwi wote wawili, wakiota jua. Nilikuwa nimeleta dawa ya presha ambayo mama huificha chini ya mto ili asiinywe, na nilikuwa nimekwisha kukunja uso. Mama aliniona kabla sijafika. Akagonga mguu wa benchi kwa kisigino mara mbili.

Namhae hakugeuka hata kunitazama. Akaketi wima, akashika fimbo yake, akaanza kugonga mguu wa chuma wa benchi kwa bidii ya mtu anayesimamiwa. Kang. Akangoja. Mama akainamisha kichwa, akavua kiatu, akagonga zamu yake.